Krismasi ya Kwanza ya Mtoto ni ya Nani?



Kila mwaka, Majilio yanapokaribia, swali moja huingia katika nyumba nyingi za hapa Kitengela, hasa zile zilizojaliwa kifungua mimba mwaka huo. Swali lenyewe huja kwa simu. Mama yake mume anapiga kutoka nyumbani na, baada ya salamu, anauliza, "Mtaniletea mjukuu wangu lini?" Siku ya pili mama yake mke naye anapiga na kuuliza lilo hilo. Mume anamtazama mke, mke anamtazama mume, na mtoto anaendelea kunyonya bila kujua kwamba yeye ndiye anayegombaniwa.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa dogo, la nauli na mizigo tu. Sivyo. Kwa wanandoa wengi hii ndiyo mara ya kwanza wanapotakiwa kuamua jambo zito wakiwa baba na mama, wala si mume na mke peke yake. Katika mafundisho ya wazazi kabla ya ubatizo, sisi makatekista husikia mengi. Tunamsikia mke akisema kwamba mumewe alikubali safari bila kumwuliza. Tunamsikia mume akisema kwamba mkewe amemficha mtoto asionwe na watu wa kwao. Mara nyingi ugomvi huo ulianza Desemba, na Pasaka ikaukuta ungali hai.

Basi tulitafakari swali hili kwa utulivu, bila kumwonea mzee wala kijana. Krismasi ya kwanza ya mtoto ni ya nani? Ni ya wazazi waliomzaa? Ni ya nyanya na babu? Ni ya ukoo mzima? Au ni ya mtoto mwenyewe, ambaye hajui hata kama kuna sikukuu?

KWA NINI SWALI HILI NI GUMU HAPA KWETU

Katika sensa ya mwaka 2009 Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Katika sensa ya mwaka 2019 walikuwa 1,117,840. Hawa walioongezeka hawakuzaliwa wote hapa. Wengi walifuata kazi: viwanda vya saruji na eneo la EPZ kule Athi River, ofisi za Nairobi, biashara kando ya barabara ya Namanga. Katika ploti moja ya Kitengela utamkuta Mkamba wa Makueni, Mkisii wa Nyamira, Mluo wa Siaya, Mkikuyu wa Murang'a, na Mmaasai ambaye babu yake alichunga ng'ombe mahali hapohapo kabla ya mabati na ghorofa kufika.

Kwa hiyo wengi wetu tuna nyumba Kitengela, lakini tukisema "nyumbani" tunamaanisha kwingine. Tena vijana wetu wanaoana bila kuuliza kabila, jambo ambalo ni la kumshukuru Mungu. Lakini siku moja haiwezi kugawanywa mara mbili. Kama kwao mume ni Siaya na kwao mke ni Makueni, tarehe 25 Desemba mtoto mmoja hawezi kulala pote pawili.

MTOTO HATAKUMBUKA: JE, TUACHE?

Kwanza tulikabili neno moja linalosemwa sana: "Mtoto mwenyewe hatakumbuka." Ni kweli. Mtoto wa miezi minne hatakumbuka nguo aliyovishwa, wala kanisa, wala mapaja aliyokalia. Lakini kutokana na ukweli huu watu hufikia maamuzi mawili, na yote mawili yana kasoro.

Wa kwanza husema: kwa kuwa hatakumbuka, basi siku hii haina maana kwake, tuipitishe tu. Wa pili husema: kwa kuwa hatakumbuka, basi tumtengenezee ushahidi. Hapo hununuliwa nguo za bei, hupigwa picha nyingi, keki huagizwa, na pengine mkopo huchukuliwa kwa simu ili picha zipendeze. Yule wa kwanza anadhani kwamba kisichokumbukwa hakipo. Yule wa pili anadhani hivyohivyo, ndiyo maana anahangaika kukihifadhi katika picha.

Ndugu msomaji, jiulize: ni nani kati yetu anayekumbuka maziwa ya mama yake? Hakuna. Hata hivyo mifupa yetu ilijengwa kwa maziwa hayo. Ni nani anayekumbuka usiku ambao baba yake alimbeba akikimbia kutafuta zahanati? Hatukumbuki, lakini tuko hai kwa sababu ya usiku huo. Mengi yaliyotufanya tuwe watu tulipewa kabla hatujaweza kuyakumbuka.

Kanisa linalijua jambo hili. Ndiyo maana linabatiza watoto wachanga, na sheria yake, kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Kanisa halingoji mpaka mtoto aweze kukumbuka maji. Neema anayopewa ni kitu cha kweli hata kama hana habari.

Basi Krismasi ya kwanza nayo iko hivyo. Mtoto hatapata kumbukumbu ya siku. Atapata yale ambayo siku hiyo itayaacha katika nyumba yake. Kama itaacha wazazi waliosikilizana, atakulia katika masikilizano hayo. Kama itaacha mama mwenye kinyongo na baba anayejibu kwa mkato, atakulia humo pia. Hatakumbuka sikukuu, lakini ataishi na matokeo yake.

MADAI YA NYANYA SI UPUUZI

Sasa tuwaendee wazee. Vijana wengine wa mjini husema, "Mtoto ni wetu, wazee walishapata wao." Maneno haya ni makali, tena si ya kweli.

Fikiria jambo la majina. Miongoni mwa Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Makabila mengine nayo yana njia zao za kumrudisha mzee katika mtoto. Nyanya anayengoja kumwona mtoto mwenye jina lake hangoji mgeni. Anangoja kuona kwamba akifa hatapotea kabisa. Ukimwambia "tutakuja mwaka ujao" wewe unahesabu miezi, lakini yeye anahesabu mambo mengine.

Injili ya Luka inatuonyesha wazee wawili wa namna hiyo, Simeoni na Anna. Simeoni alikuwa ameahidiwa kwamba hataona kifo kabla ya kumwona Masiya. Maria na Yosefu walipomleta mtoto Hekaluni, mzee alimpokea mikononi, akamshukuru Mungu, akawa tayari kwenda kwa amani. Wazazi hao vijana hawakumnyima. Walimwachia mzee mtoto ambaye alikuwa hazina yao yote. Huyu mtoto hatakumbuka mikono ya Simeoni, lakini Simeoni alikufa akiwa ameshiba.

Marehemu Papa Fransisko aliona vizuri jinsi wazee wanavyosahauliwa, na mwaka 2021 akaweka Siku ya Dunia ya Mababu, Nyanya na Wazee, ambayo huadhimishwa Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Amri ya nne ya Mungu haikufutwa siku tulipofunga ndoa, wala siku tulipozaa.

LAKINI WAZAZI NDIO WALINZI

Hata hivyo soma Luka vizuri. Maria hakumpeleka mtoto Hekaluni siku ya pili baada ya kujifungua. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, ilimpa mama aliyezaa mtoto wa kiume siku 40. Mwili wake ulipewa nafasi. Hata sisi Waafrika tulijua hivyo. Katika kabila baada ya kabila, mama aliyejifungua alikaa ndani, akalishwa, akapumzishwa, na wageni wakaja kwake. Si yeye aliyepakiwa na mtoto mgongoni kwenda kuwatembelea.

Tena isome Injili ya Mathayo. Yosefu alipoonywa kwamba mtoto yuko hatarini, aliondoka usiku uleule na mama na mtoto kwenda Misri. Hatusomi kwamba aliitisha kwanza kikao cha ukoo. Najua Herode alikuwa mwuaji, na hakuna mama mkwe aliye Herode. Nataka tu tuone kwamba Mungu alimwonya Yosefu juu ya hatari hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyekabidhiwa ulinzi wa mtoto.

Hapa tunafika kwenye kiini. Nyanya akisema "mtoto ni wangu" na wazazi wakijibu "hapana, ni wetu," wote wanazungumza kama watu wanaogombania shamba. Mtoto si shamba. Hata wazazi hawammiliki, wamekabidhiwa tu na watatoa hesabu. Wazee wana haki ya kumwona, kumbariki na kushauri. Wazazi wana wajibu wa kuamua. Haki ya kushauri ni kubwa, lakini si haki ya kuamuru. Na wajibu wa kuamua si ruhusa ya kudharau.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: Krismasi ya kwanza ni ya mtoto, na baba na mama wanaishika kwa niaba yake mpaka akue. Na kama ni yake, basi tuipange kwa kuanza na yeye.

MASWALI MANNE KWA UTARATIBU

Nawashauri wanandoa mkae pamoja, simu zikiwa mbali, na mjiulize maswali manne, moja baada ya jingine. Utaratibu wake ni muhimu, kwa maana wengi huanza na la mwisho.

La kwanza: mtoto mwenyewe anaweza nini? Ana umri gani? Kitabu chake cha kliniki kinasema nini? Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zisirukwe kwa sababu ya safari. Kitabu kikiwa mkononi, kliniki nyingine inaweza kumchanja. Kitengela hakuna malaria nyingi, lakini sehemu za ziwa zina malaria mwaka mzima. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini mwaka 2019 katika baadhi ya sehemu hizo, lakini dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi sita. Mtoto mchanga kuliko huyo hana kinga hiyo, na homa humzidia upesi. Mkienda huko, chandarua kiwe cha kwanza katika mizigo, kabla ya nguo za sikukuu.

La pili: mama anaweza nini? Kama alijifungua kwa upasuaji, au kama bado analia bila sababu na hapati usingizi, safari ya saa kumi ndani ya basi iliyojaa si jambo dogo. Wanaume, hili lisimameni nalo ninyi. Mke akisema mbele ya wakwe "siwezi," ataitwa mvivu. Mume akisema "sitampeleka, hajapona," ataitwa mume.

La tatu: ni mzee gani asiyeweza kungoja? Wazee wote wanatamani, lakini si wote wana hali moja. Nyanya mwenye nguvu anayelima bado anaweza kungoja Pasaka, au anaweza kuja mwenyewe Kitengela akalala siku tatu. Babu aliyelala kitandani hawezi. Tusiamue kwa kuangalia nani anapiga simu mara nyingi zaidi, wala ni upande wa mume au wa mke, bali nani ana haja kubwa zaidi.

La nne: mfuko unaruhusu nini? Desemba nauli hupanda, wakati mwingine hata mara mbili. Mtu wa mjini akifika nyumbani hutarajiwa kubeba sukari, mchele, unga wa chapati na noti za wazee. Januari nayo haina huruma: kodi ya nyumba, karo za wadogo zetu, maji ya kununua kwa mitungi. Kama safari itawafanya mkope, jueni kwamba mtoto ndiye atakayelipa, kwa maziwa ya mama asiyekula vizuri. Na msisafiri usiku ili kuokoa senti. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi na lori viligongana pale Migaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu 36 wakafa. Walikuwa wasafiri wa sikukuu kama sisi.

MFANO WA KARIBU: KUTOKA KITENGELA HADI BISSIL

Tuchukue mume ambaye kwao ni upande wa Bissil, kusini ya mji wa Kajiado, na mke wa kutoka Machakos. Mtoto ana miezi miwili. Safari si ndefu, barabara ni ya lami, na wakiondoka baada ya Misa ya asubuhi watafika mchana. Kwa hiyo swali la kwanza na la pili yanajibiwa vizuri: wanaweza kwenda.

Kule bomani babu anamtolea mjukuu mtamba. Mke, ambaye anahesabu bei ya nepi, anaguna moyoni kwamba wangepewa pesa ingekuwa afadhali. Dada yangu, ngoja kidogo. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliua ng'ombe wengi sana katika Kajiado. Mzee aliyebaki na ng'ombe wachache akikata mmoja kwa ajili ya mtoto asiyejua hata kucheka vizuri, amempa sehemu ya uhai wake. Zawadi hiyo itazaa wakati mtoto anakua. Pokea kwa mikono miwili.

Lakini babu na nyanya nao wasidhani kwamba aliyetoa mtamba amenunua neno la mwisho. Jioni ileile nyanya anataka kumwonjesha mtoto samli kidogo, au uji mwepesi, au maji ya sukari, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyowalea wake. Hapo pana wajibu. Shirika la Afya Duniani linafundisha, na kliniki zetu zinarudia, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi sita, bila hata maji. Ni nani atakayesema? Si mke. Mwana ndiye amwambie mama yake, kwa upole na faraghani: "Mama, tumefundishwa kliniki kwamba bado. Akifika miezi sita utakuwa wa kwanza kumlisha." Kila mmoja aseme na wazazi wake mwenyewe. Neno lililo chungu kutoka kwa mkwe huwa la kawaida kutoka kwa mwana.

Na wale wa Machakos je? Kwa kuwa ni karibu, nyanya mzaa mama anaweza kuletewa mtoto Jumapili ya Familia Takatifu, ambayo huwa siku chache baada ya Krismasi, au yeye mwenyewe akaja Kitengela Mwaka Mpya. Jambo kubwa ni kwamba aambiwe mapema, tena na binti yake, wala asisikie kwa majirani.

MFANO WA MBALI: MZEE MGONJWA NA MTOTO WA WIKI TANO

Sasa tuje kwenye mfano mgumu, ambao hauna jibu tamu. Kwao mume ni Siaya, zaidi ya kilomita 400. Mtoto ana wiki tano na alizaliwa kabla ya siku zake. Mama yake alipasuliwa. Nyanya huko ni mgonjwa, na madaktari hawana matumaini makubwa. Amesema jambo moja tu: anataka kumshika mjukuu kabla ya kufa.

Ukifuata swali la kwanza na la pili, mtoto asisafiri. Ukifuata la tatu, mtu huyu hawezi kungoja. Tutafanyaje?

Naamini hapa mtoto anatangulia, na hata nyanya mwenyewe, akiulizwa akiwa ametulia, asingetaka baraka yake iwe sababu ya mjukuu kulazwa hospitali. Lakini kusema hivyo hakumalizi wajibu. Mume asafiri peke yake, hata kama nyumba ya Kitengela itakuwa na Krismasi ya upweke, na mke amruhusu kwa moyo. Hiyo itakuwa zawadi yake kwa mama mkwe. Achukue shuka ambayo mtoto amelalia, aiweke mikononi mwa mama yake. Ampigie mke simu ya picha ili nyanya amwone mtoto, amwite jina, ambariki kwa kinywa chake. Wakati wa korona, mwaka 2020, wazee wengi waliwaona wajukuu wao wa kwanza kwa njia hiyo, na baraka zao hazikuwa za bandia. Amwalike padre wa parokia ya huko amletee mama Ekaristi na Mpako wa Wagonjwa.

Hata baada ya hayo yote, kitu kitapungua. Mikono ya nyanya haitamgusa mtoto, na pengine haitamgusa kamwe. Mume atalia. Mke asimwambie "tulifanya sawa" kana kwamba uamuzi uliokuwa sawa hauumi. Mwache alie, kaa karibu naye. Wakati mwingine tunachagua vizuri na bado tunapoteza, na ndoa inapimwa zaidi hapo kuliko katika picha za sikukuu.

Jambo moja lisifanyike katika hali yoyote: kumdanganya mzee. Usimwambie "tuko njiani" wakati hamjaondoka, wala "gari limeharibika" wakati halijaharibika. Mzee anayekaribia kuiaga dunia anastahili kuambiwa ukweli kwa heshima. Na uongo huo mtauendeleza mbele ya mtoto, ambaye mwaka baada ya mwaka atajifunza kwenu jinsi ya kuwajibu wazee. Siku moja wazee hao mtakuwa ninyi.

AHADI YA MTU MMOJA

Ugomvi mwingi ninaousikia haukutokana na kwenda au kutokwenda. Ulitokana na mmoja kutoa ahadi bila mwenzake. Mume yuko kazini, mama yake anapiga, naye anajibu, "Tutakuja, mama." Anafika nyumbani na safari iliyokwisha kuamuliwa. Mke hana la kukataa, kwa maana akikataa ataonekana ndiye aliyevunja ahadi. Au mke anamwambia dada yake kwamba Krismasi ni Makueni, na mume anapata habari kutoka kwa shemeji.

Sakramenti ya ndoa iliwafanya mwili mmoja, na mwili mmoja hauna vinywa viwili vinavyoahidi mambo tofauti. Jifunzeni jibu hili fupi na mlitumie bila aibu: "Mama, acha nizungumze na mama wa mtoto, nitakupigia Jumapili." Kisha Jumapili piga simu kweli. Mzee anayepigiwa simu siku aliyoahidiwa huweza kuvumilia hata jibu asilolipenda.

MKIBAKI NYUMBANI

Baadhi yenu mtaona kwamba inafaa kubaki. Msibaki kama watu walioadhibiwa. Mji ukiwa mtupu na steji zimetulia, hiyo inaweza kuwa Krismasi nzuri sana.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi alipotaka watu waone kuzaliwa kwa Bwana, mwaka 1223 pale Greccio, alitumia majani makavu, ng'ombe na punda. Hakuhitaji zaidi. Nyumbani kwenu wekeni pango dogo, hata la katoni na nyasi. Kama mkesha ni mrefu kwa mtoto, nendeni Misa ya asubuhi, wala msione haya akilia kanisani. Yule aliyelazwa horini naye alilia.

Kisha tazameni ni nani mwingine aliyebaki. Katika ploti yenu kuna mlinzi aliyenyimwa ruhusa, kuna kijana wa EPZ asiye na nauli, kuna mjane. Pikeni chapati na mchuzi, muwaite wale nanyi. Mtoto apitishwe mikononi mwao. Wachungaji waliofika Bethlehemu hawakuwa ndugu wa Maria wala wa Yosefu. Walikuwa wafugaji wa zamu ya usiku, na ndio waliotangulia kuja kumtazama mtoto.

Na kama ubatizo umekuwa ukingojea "siku ya sherehe kubwa, tukipata pesa," zungumzeni na padre na wasimamizi bila kuchelewa. Wazazi wa Yesu walitoa sadaka ya maskini, ndege wawili tu, wala sherehe ya mtoto wao haikupungua kitu.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, mmoja wetu ameshatoa ahadi ya Krismasi ambayo mwenzake haijui? Aiseme leo.

2. Kati ya wazee wetu wa pande zote mbili, ni nani mwenye haja kubwa zaidi ya kumwona mtoto, na tutamfikiaje kama hatuwezi kusafiri?

3. Ni jambo gani tunalitaka kwa ajili ya mtoto, na ni lipi tunalitaka kwa ajili ya macho ya watu?

4. Mtoto akiwa mkubwa akatuuliza, "Krismasi yangu ya kwanza mlikuwaje?" tungependa kumjibu nini?

Wapendwa, swali hilo la nne msilipite haraka. Angalieni kwamba mtoto hataweza kuuliza alivaa nini au alikula nini. Ataweza kuuliza tu sisi tulikuwaje. Zungumzeni juu yake jioni moja mtoto akiwa amelala, kisha pigeni zile simu mbili, mume kwao na mke kwao, kabla Majilio hayajaisha.

Nawatakia ninyi, wazee wenu na watoto wenu Noeli yenye amani.